Oili Chafu na Mdiria wa Mto Mara

Somo la namna mafuta yanavyodhuru ndege, linapofundishwa kwa watoto wadogo, huanza karibu kila mahali na picha ile ile: ndege wa baharini aliyegandwa na mafuta meusi kuanzia mdomo hadi mkia, ufukwe wenye mawe, na kwa mbali meli iliyopasuka ubavu. Picha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, inapobandikwa mbele ya mtoto wa darasa la pili huko Mbalibali, katika bonde la Mto Mara, kwenye ukanda ambako wilaya ya Serengeti inapakana na wilaya ya Tarime na ambako Bahari ya Hindi iko umbali wa zaidi ya kilomita 500, humfundisha mambo mawili ambayo mwalimu hakuyakusudia: kwamba mafuta ni balaa la watu wa pwani na wenye meli, na kwamba balaa hilo likitokea wapo watu wenye mabeseni na sabuni watakaokuja kulimaliza. Makala haya yanashikilia kuwa somo hilo linastahili kufundishwa Mbalibali, tena mapema, lakini lianzie kwenye mafuta ambayo mtoto huyo ameshayakanyaga kwa miguu yake mwenyewe, yaani oili chafu inayomwagwa kijiweni kwa fundi pikipiki, kwenye mashine ya kusaga nafaka na kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu.

Picha ya meli ilipata nguvu yake kutokana na majanga makubwa ambayo hayapaswi kusahauliwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli ya Torrey Canyon, iliyokuwa imebeba takribani tani 119,000 za mafuta ghafi, yaani mafuta kama yanavyotoka ardhini kabla ya kusafishwa kiwandani, ilipanda mwamba karibu na pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, na dawa za kusafishia zilizomwagwa baharini kwa wingi ili kuyavunja mafuta hayo zikaua viumbe wengi wa ufukweni ambao huenda mafuta yenyewe yangewaacha hai. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga takribani lita milioni 41 katika ghuba ya Prince William huko Alaska, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ndege wa baharini wapatao 250,000 walikufa. Afrika nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1988 bomba la mafuta lilitoboka karibu na kijito cha bahari cha Makupa, Mombasa, na tani zipatazo 5,000 zikaingia kwenye mikoko. Na tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe ya Mauritius, ambako wananchi walishona vizuizi vya nguo na majani ya miwa kwa mikono yao ili kuzuia takribani tani 1,000 za mafuta mazito zilizovuja zisisambae. Mwalimu akiyajua haya atakuwa na hazina ya kujibia maswali. Ila kujua jambo si sababu ya kulianza somo nalo.

Mafuta ya Mbalibali ni ya aina nyingine na huja kidogo kidogo. Pikipiki ya bodaboda hubeba takribani lita moja ya oili ya injini, nayo hubadilishwa kila baada ya wiki chache kwa sababu barabara ni za vumbi na mizigo ni mizito. Fundi hufungua nati ya chini, oili nyeusi hushuka kwenye kopo au moja kwa moja ardhini, na mvua ya kwanza inayofuata huipeleka mtaroni. Injini ya dizeli ya mashine ya kusaga hudondosha yake kwenye sakafu ya udongo ambayo kwa miaka imegeuka nyeusi na ngumu. Makarasha ya wachimbaji wadogo na pampu za kuvutia maji mashambani hufanya vivyo hivyo, na vijana huosha pikipiki kijitoni kwa sababu ndiko maji yaliko. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayejiona kuwa mchafuzi, na kwa kweli kila mmoja akitazamwa peke yake kiasi chake ni kidogo. Lakini vijito vyote vya eneo hilo vina njia moja ya kwenda: huingia Mto Mara, ambao umetoka safu za Mau nchini Kenya na kusafiri takribani kilomita 395, kisha hupita kwenye mafunjo ya ardhioevu ya Mara, chini ya daraja la Kirumi, na kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mafunjo hayo, pamoja na ghuba ya Mara, yametambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu kwa ndege, kwa kuwa yana ndege ambao kwa kawaida hawaishi nje ya mafunjo.

Kwa watoto wadogo jambo la kwanza la kutazamwa ni unyoya, na katika kijiji chochote cha Mara unyoya hautafutwi, kwa sababu kuku wapo kila ua. Mwalimu akimpa kila mtoto unyoya mmoja wa bawa na kumwambia autenganishe kwa vidole katikati, kisha aupitishe tena taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada kuelekea ncha, mtoto ataona mwanya alioufungua ukijifunga wenyewe. Sababu ni hii: kutoka kwenye uti wa unyoya hutoka vitawi vingi vilivyopangwa sambamba, na kila kitawi kina vitawi vidogo zaidi visivyoonekana vizuri kwa macho, vyenye vikulabu mfano wa ndoano ndogo vinavyoshika kitawi cha jirani, kama meno ya zipu ya sweta la shule yanavyoshikana. Vikishikana, maji hayapenyi, na chini yake hubaki hewa iliyotulia inayomhifadhia ndege joto lake, ambalo kwa kawaida ni takribani nyuzijoto 40 hadi 41, yaani joto ambalo kwa binadamu lingekuwa homa kali.

Baada ya hapo linakuja beseni la maji. Unyoya mkavu ukiwekwa juu ya maji huelea, na tone la maji likidondoshewa juu yake hubiringika na kuanguka. Unyoya wa pili huchovywa kwenye mafuta ya kula yaliyochanganywa na masizi ya sufuria ili yaonekane, kisha huwekwa majini, na hapo vitawi hunatana, mianya hufunguka, maji huingia, na unyoya huzama au kulala kwa uzito juu ya maji pasipo umbo lake. Inafaa kusisitizwa kwamba mwalimu asitumie oili chafu yenyewe kwa jaribio hili, kwani oili iliyokwisha kupikwa na injini ina metali nzito na kemikali zinazoweza kusababisha saratani zikigusana na ngozi mara kwa mara, na mikono ya watoto haina sababu ya kuzigusa. Mafuta ya alizeti yanaeleza jambo lile lile bila hatari. Watoto wakishaona kwa macho, maelezo yanayobaki ni machache: ndege aliyelowa namna hiyo hupoteza hewa iliyokuwa chini ya manyoya, hupata baridi hata katikati ya jua la Mara, huwa mzito asiweze kuruka, na anayeogelea huzama.

Katika hatua hii mtoto makini huuliza swali ambalo vitabu vingi vya watoto hulikwepa. Kuku anapochinjwa nyumbani, mama huondoa kinundu kidogo kilicho juu ya mkia kabla ya kumpika, na ndani ya kinundu hicho mna mafuta. Bata naye huonekana akiegemeza mdomo wake hapo kisha akiupitisha mwilini. Ikiwa ndege hujipaka mafuta kila siku, mbona mafuta yamuue? Swali hili ni lulu na lisijibiwe haraka haraka. Kinundu hicho ni tezi, yaani kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa, na mafuta yake ni kama nta laini ambayo ndege huitumia kwa kiasi kidogo mno ili unyoya usikauke wala kukatika, ilhali kazi kubwa ya kuyakataa maji hufanywa na mpangilio wa vitawi na vikulabu vyake. Mafuta ya injini ni mepesi kupenya, ni mengi kupita kiasi, yana sumu, na huuvunja mpangilio ule ule ambao mafuta ya tezi huutunza. Mtoto aliyelielewa jibu hilo ameonja sayansi ya kweli, maana amejifunza kuwa kitu kuwa kizuri au kibaya hutegemea ni kitu gani hasa, kiasi gani na mahali gani, na hilo litamfaa atakapofika kwenye mbolea, dawa za mifugo na dawa za mimea.

Madhara yanayofuata hayaonekani kwa jaribio la beseni, hivyo mwalimu hana budi kuyasimulia. Ndege ana tabia ya kujichambua manyoya kwa mdomo kila mara yanapovurugika, na akipata mafuta hujichambua kwa bidii zaidi, na kwa kufanya hivyo huyameza. Ndani ya mwili mafuta huunguza utumbo, huharibu ini na figo, na huvunja seli nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni mwilini. Jambo la mayai linastahili uzito wake peke yake. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mayai ya ndege, wakiwemo bata mwitu, yalionyesha kuwa oili iliyokwisha kutumika katika injini, ikipakwa juu ya ganda kwa kiasi kidogo kuliko tone moja la dawa ya macho, iliweza kuua kiinitete kilichomo, wakati oili mpya isiyotumika haikuwa na madhara makubwa kiasi hicho. Ganda la yai lina vitundu vidogo ambavyo kifaranga hupumulia, na kemikali za oili chafu hupenya humo. Ndege hahitaji kulowa mwili mzima ili hasara itokee. Yatosha atembee kwenye tope lenye oili asubuhi, kisha aende kuatamia. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao kuna kuku anayeatamia chini ya kitanda au nyuma ya ghala, jambo hili halihitaji picha.

Ndege wa kutumia katika somo wachaguliwe kwa kuzingatia maisha yao majini. Mdiria mweusi na mweupe ndiye mfano bora, kwa sababu watoto wa mtoni humwona akisimama hewani kwa kupiga mabawa haraka haraka, kisha akijitupa kichwa chini kuwafuata samaki wadogo, na kwa vile hupenya uso wa maji mara nyingi kwa siku, utando wowote wa mafuta ulio juu ya maji humpata yeye kabla ya wengine; tena hutaga mayai yake ndani ya mashimo kwenye kingo za mto, hivyo chochote alichobeba kwenye manyoya ya kifuani hufika kwa mayai. Yangeyange, wanaofuata ng'ombe malishoni mchana na kulala jioni kwenye miti iliyo juu ya maji, wanafaa kumwonyesha mtoto kwamba ndege wa nchi kavu naye ana uhusiano na mto. Furukombe hula samaki, na fundichuma huokota vyura na samaki wadogo kwenye vidimbwi vya pembeni, ambavyo ndivyo huwa na oili nyingi kuliko mto wenyewe. Korongo taji, ambaye tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, hujenga kiota kwenye ardhioevu. Lakini ukweli ni kuwa ndege huyo amepungua zaidi kwa sababu ya kuharibiwa makazi yake na kukamatwa, na mwalimu asimpachike kwenye somo la mafuta kwa kuwa tu anapendeza. Watoto waruhusiwe kuleta majina ya ndege hao kwa Kingoreme na Kikurya kama wanavyoyasikia nyumbani, kwani mtoto humtetea kwa urahisi zaidi ndege ambaye ana jina kwake.

Kuhusu sabuni, makala haya yana msimamo mkali kidogo. Masomo mengi ya aina hii huishia kwa watoto kuosha unyoya wenye mafuta kwa sabuni ya vyombo, unyoya ukawa safi, wote wakapiga makofi, na kwa namna hiyo saa nzima ya kazi nzuri huharibika dakika ya mwisho. Ni kweli kwamba ndege wanaweza kuoshwa. Meli ya Treasure ilipozama karibu na Cape Town mwezi Juni 2000, pengwini wapatao 19,000 waliopakaa mafuta walikusanywa na kuoshwa, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walirudishwa baharini wakiwa hai, huku wengine wapatao 19,500 ambao hawakuwa wamepakaa wakisafirishwa hadi Port Elizabeth ili muda watakaoutumia kuogelea kurudi nyumbani uwe ndio muda wa kusafisha maji. Lakini kazi hiyo ilihitaji shirika lenye uzoefu wa tangu 1968, maelfu ya watu waliojitolea, maghala, madaktari wa wanyama, samaki kwa tani na wiki nyingi. Ndege hawakuoshwa mpaka kwanza wapewe maji na chakula na nguvu ziwarudie, kwa kuwa ndege aliyedhoofika hufa kwa mshtuko wa kuoshwa kwenyewe. Tena pengwini ni mnene, mkubwa na hana pa kurukia. Mdiria ana uzito unaokaribia ule wa yai moja na nusu la kuku, na hakuna anayejua kumkamata, kumlisha na kumwosha ukingoni mwa Mara. Kwa sababu hiyo jaribio la sabuni lifanywe, lakini lipelekwe hadi mwisho wake: unyoya uliooshwa bila kusuuzwa vizuri uwekwe tena majini, watoto waone kwamba bado unaingiza maji, kwa maana sabuni iliyobaki nayo ni adui wa unyoya, na waelewe kuwa dawa iliyopo Mbalibali ni kuzuia oili isifike majini. Waambiwe pia waziwazi kuwa wakimwona ndege aliyepakaa wasimshike wala kumkimbiza, bali wamwite mtu mzima.

Mahali pa kufundishia pia panahitaji akili. Mto Mara una mamba na viboko, na kuwapeleka watoto wa miaka saba ukingoni ili waone somo kwa vitendo ni kuwahatarisha bila sababu. Beseni, mtaro wa shule baada ya mvua na kidimbwi cha kisimani vinatosha.

Kidimbwi hicho kina somo jingine ambalo ni vigumu kulipata kwenye meli ya Alaska. Katika sehemu za majimaji zenye udongo mwekundu, uso wa maji hufanya utando wenye rangi za upinde wa mvua hata pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwaga oili, kwa sababu kuna bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaojipatia nguvu kutokana na chuma kilichoyeyuka majini na kuacha utando unaong'aa. Mtoto akigusa utando wa bakteria kwa kijiti kirefu, utavunjika vipande vipande vyenye pembe na vipande hivyo vitabaki vimeachana. Akigusa utando wa mafuta, utajisogeza na kuungana tena nyuma ya kijiti. Mtihani huo mdogo usiogharimu hata senti moja humfundisha mtoto asihukumu maji kwa kuyatazama tu, na katika bonde hili funzo hilo lina uzito wa pekee. Mwezi Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakafa. Wengi walihisi sumu ya viwandani au mafuta, na kamati ya wataalamu iliyoundwa na serikali chini ya uenyekiti wa Profesa Samwel Manyele ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kwenye ardhioevu, mambo yaliyoimaliza oksijeni ya maji. Maelezo hayo hayakumridhisha kila mtu, na mashaka yalikuwa na historia, kwa kuwa mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mara, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa lake la mabaki ya uchenjuaji. Mtoto wa miaka saba hahitaji kubebeshwa mabishano hayo. Anachohitaji ni kuzoea mapema kwamba mafuta, tindikali na kinyesi ni vitu vitatu tofauti, vinavyodhuru kwa njia tatu tofauti, ili atakapokua na kusikia wakubwa wakibishana kuhusu mto wake, awe na cha kuuliza.

Wapo wataalamu wa elimu wanaoonya kwamba watoto wadogo wasisomeshwe majanga ya mazingira kabisa. Mmarekani David Sobel, aliyeandika kuhusu jambo hili katika miaka ya 1990, alieleza kuwa mtoto anayejazwa habari za misitu inayoungua na wanyama wanaokufa kabla hajapata nafasi ya kuipenda asili iliyo karibu naye hujenga hofu inayomfukuza mbali na asili hiyo. Hoja hiyo ina nguvu, ila haihami nzima kutoka Marekani hadi Mara. Mtoto wa Mbalibali hakuzuiwa kuona kifo: ameona mbuzi akichinjwa, ndama akizaliwa mfu, tai wakishukia mzoga. Kinachoweza kumuumiza ni kuonyeshwa hasara ambayo yeye na watu wake hawana la kufanya juu yake, na picha ya meli hufanya hivyo hasa. Kopo la oili kijiweni ni hasara ya ukubwa anaoweza kuuelewa, iliyosababishwa na watu anaowafahamu kwa majina, na inayoweza kupunguzwa wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye hatari ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko hofu. Fundi anayemwaga oili anaweza kuwa baba wa mtoto aliyekaa dawati la mbele, na mzee aliyepaka oili chafu kwenye nguzo za zizi ili mchwa wasizile ni babu wa mwingine. Somo linalomrudisha mtoto nyumbani akiwa hakimu wa wazazi wake litakataliwa na kijiji kizima, na kijiji kitakuwa na haki. Kwa hiyo mtoto apelekwe nyumbani na swali, si na karipio: Baba, oili ya pikipiki huwa inaenda wapi? Na bora kuliko hilo, fundi mwenyewe aalikwe darasani kama mwalimu wa siku, aje na spana zake, afungue nati, aonyeshe oili ikishuka kwenye dumu lililokatwa, na aeleze kwa nini injini huihitaji mpya. Ni nadra fundi kijana kualikwa shuleni kwa heshima ya kazi yake, na mtu aliyepewa heshima hiyo mbele ya watoto hulifunga dumu lake vizuri zaidi kesho yake. Walio darasa la nne wanaweza kupewa hesabu: kijiwe chenye pikipiki 20, kila moja ikimwaga lita moja mara mbili kwa mwezi, kitatoa lita ngapi kwa mwaka? Jibu ni lita 480, zaidi ya mapipa mawili ya lita 200, na watoto watakaolipata kwa kalamu zao hawatalisahau upesi.

Swali aliloulizwa baba litakuwa na jibu pale tu oili itakapokuwa na mahali pa kwenda, na hilo haliwezi kuachiwa watoto wala mafundi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa, lakini kumwambia kijana asioshe pikipiki kijitoni bila kumwonyesha pa kuiosha ni kumwachia sheria isiyotekelezeka. Halmashauri za Serengeti na Tarime zingeweza kuweka pipa moja lenye mfuniko kwenye stendi au soko la kila kata, oili chafu ikusanywe humo na kupelekwa mjini ambako wapo wanaoinunua; gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kutafuta maji safi mahali pengine. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo mtaala wake mpya ulianza kutumika mwezi Januari 2024, inaweza kuwasaidia walimu kwa kijitabu cha picha chenye mdiria na mto badala ya pengwini na bahari. Vilabu vya Malihai, vilabu vya wanafunzi vya uhifadhi wa wanyamapori vilivyoanzishwa nchini mwaka 1980, tayari vina uzoefu wa kuwakusanya watoto baada ya vipindi.

Haja hii itaongezeka, wala haitahusu Mara peke yake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, likipita katika mikoa ya Kagera na Geita ndani ya bonde la Ziwa Victoria kabla ya kuelekea kusini na mashariki. Mara haimo katika njia hiyo, ila ziwa ni moja, na watoto wa Muleba, mkoani Kagera, na wa Musoma watarithi maji yale yale. Mtoto aliyeelewa kazi ya unyoya mmoja wa kuku ataielewa habari ya bomba itakapomfikia. Aliyeonyeshwa meli tu ataona kwamba bomba halina uhusiano na alichofundishwa.

Limebaki suala la wakati. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, ambayo ilianza mwaka 2012 na ambayo shule za bonde hili huweza kushiriki kwa nyimbo na upandaji miti. Mvua za vuli huanza wiki chache baadaye, na mvua za kwanza ndizo zinazobeba oili iliyorundikana ardhini wakati wote wa kiangazi. Somo likifundishwa katika wiki za mwanzo za Septemba, kati ya siku darasa litakapochora ramani ya mtaro kutoka kijiweni hadi kijitoni na siku maji yatakapoanza kutiririka humo, fundi atakuwa na muda wa kutosha kutafuta dumu, na serikali ya kijiji itakuwa na muda wa kutafuta pipa.